Kabla Hujala Chakula cha Jovia

Kashojwa, Jumapili mchana

Heri mwanangu,

Umetoka na baba yako kwenda kuaga watu wa kanisa, na najua hamtarudi upesi, kwa sababu mke wa mchungaji hamwachi mtu aondoke bila kula. Nimefunga mlango, nimeketi kwenye kitanda chako, begi lako liko hapa karibu na mguu wangu. Mambo ya blanketi na sabuni na kuchemsha maji ya kunywa sitayaandika. Baba yako amekuambia hayo wiki nzima mpaka ukaanza kumjibu kabla hajamaliza. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba miaka tisa.

Kesho unakwenda kukaa Kakoba, kule Mbarara, kwa tantine Jovia, unayemhesabu kama shangazi, kwenye kile chumba cha nyuma ya mgahawa wake, na kutoka hapo utakuwa unakwenda chuo chako cha umeme. Wewe unamjua kama rafiki yangu wa zamani anayetuletea ndizi kila Krismasi na kucheka mpaka majirani wanasikia. Hujui nilichomfanyia. Yeye mwenyewe alinikataza nisikuambie. Alisema, "Mtoto atakula chakula yangu bila raha. Wacha, Mama Heri." Nimejaribu kuacha, nimeshindwa. Siwezi kukuacha ule sahani yake kila siku kwa miaka miwili huku ukiamini uongo niliokuambia ukiwa na miaka kumi.

Uongo wenyewe ni kuhusu Bisikiti.

Unakumbuka mwaka ule nilikuwa nafanya kazi Mbarara, nyumbani kwa Mama Shamim, mwenye duka la vitenge. Nilikuwa nakwenda Jumatatu, narudi Ijumaa. Mimi nilifua na kupiga pasi, Jovia alipika. Yeye ni mwenyeji wa huku, mtu wa Masha, umri wetu unalingana, mumewe alikuwa amekufa na alikuwa na binti mmoja aliyesoma kule kwao. Tulilala chumba kimoja. Siku yangu ya kwanza sikujua neno hata moja la Kinyankore, nikatumwa sokoni nikaleta kitu kingine kabisa. Jovia alinishika mkono tukarudi sokoni pamoja, akabadilisha, akaficha kosa langu mwenye nyumba asijue. Kila usiku aliniachia ukoko wa wali chini ya sufuria kwa sababu aliona naupenda. Nakuambia hivyo ujue alikuwa nani kwangu.

Likizo ile baba yako alilazwa kwa malaria, sikuwa na mtu wa kukuachia, nikakuchukua. Mama Shamim alikubali, mradi usiguse vitu. Ulikaa wiki nzima umekunja mikono kama mtu aliye kanisani. Kitu pekee ulichokwenda kutazama kila saa kilikuwa yule mnyama wa Shamim. Mjomba wake alikuwa amemletea kutoka Kampala, mdogo kama panya aliyekatwa mkia, mwenye rangi ya biskuti, ndiyo maana Shamim akamwita Bisikiti, na mashavu ya kujaza chakula. Wao walimwita hamsta. Jovia alimwita kapanya. Aliishi ndani ya kijumba cha waya kilichowekwa barazani, waya juu, waya pembeni, waya hata chini alipokanyaga, na mchana jua lilikuwa linampiga. Kazi ya kumlisha na kumsafishia ilikuwa ya Jovia.

Ijumaa tukarudi huku kambini Nakivale. Nilipofungua begi nitoe nguo, nikakuta mkebe wa maziwa ya unga uliotobolewa matundu kwenye kifuniko, na ndani kitu kinakwaruza. Nilipiga kelele. Wewe ulisimama mlangoni ukaanza kulia kabla sijakugusa.

"Mama, usinipige. Miguu yake iko inatoka damu. Ile nyumba yake ni waya tupu, hana fasi ya kukanyaga. Hana hata fasi ya kujificha."

Nilimgeuza kwa kidole. Ilikuwa kweli. Nyayo zake ndogo zilikuwa zimechubuka, nyekundu. Sikukupiga. Nilikuambia Jumatatu nitazungumza na Mama Shamim, tukamweka ndani ya beseni la kufulia, tukafunika kwa kitenge.

Jumamosi asubuhi simu ililia. Mama Shamim alikuwa na hasira. Alisema mnyama wa Shamim hayupo, mtoto amelia usiku mzima, na Jovia anaapa alifunga mlango wa kijumba. "Ameacha wazi, paka amekula. Na bado anabisha! Wewe uliona nini?"

Wewe ulikuwa umepiga magoti mbele ya beseni, mgongo wako kwangu. Nilikutazama. Nikasema, "Pole sana, mama. Mimi sikuona kitu."

Hapo ndipo palipoharibika, Heri. Wakati mwingine najiambia palikuwa baadaye, lakini hapana. Yalikuwa maneno machache, na yalitoka yenyewe. Niliona askari wanakuja kumkamata mtoto wa mkimbizi aliyeiba katika nyumba ya watu. Niliona kazi yangu imekwisha na baba yako yuko kitandani. Nikajiambia Jumatatu, uso kwa uso, nitaeleza vizuri.

Jumatatu nilikuacha na baba yako, aliyekuwa ametoka hospitali jana yake, nikafika nikakuta kitanda cha Jovia hakina shuka. Mama Shamim alikuwa jikoni anatafuta chumvi. Akasema, "Jovia nimemtoa jana. Sasa kupika ni wewe." Nilisimama na begi langu mkononi. Alikuwa anangoja jibu. Nikasema, "Sawa, mama," nikamwonyesha chumvi ilipo.

Wiki ile nilipika kwa sufuria za Jovia. Nilijiambia maneno mengi. Kwamba yeye ana nchi yake, ana shamba la kaka yake kule Masha, hatakufa njaa. Kwamba mimi sina pa kwenda. Mkimbizi akijihurumia sana, mwanangu, anaweza kumfanyia mtu jambo baya huku akijiona yeye ndiye anayeonewa. Hilo nililijua baadaye, na nililijua polepole.

Ijumaa ulinipokea njiani. Hukunisalimia hata. Ulisema, "Amesema nini?"

Nikasema, "Shamim mwenyewe amesema ubaki naye."

Uliruka mpaka ukamwaga maji ya jirani. Hakusema hivyo, Heri. Sikumwuliza. Hiyo ndiyo zawadi uliyoishukuru utoto wako wote.

Halafu mkaanza ujenzi, wewe na baba yako, ambaye alikuwa ametoka hospitali hana nguvu za kulima. Mimi nilikuwa narudi kila Ijumaa nakuta kitu kipya. Kwanza mlimtengenezea sanduku la mbao za mlango wa zamani. Akaanza kutafuna, na baba yako akaona meno yake yamekuwa ya buluu. Alikuwa anakula rangi. Mkabomoa, mkatafuta mbao za masanduku ya nyanya ambazo hazikupakwa kitu. Mkaweka waya wa kuku juu, usiku akapitisha kichwa kwenye tundu na mwili ukafuata, tukamtafuta mpaka asubuhi tukamkuta ndani ya kiatu. Mkaweka chandarua cha plastiki, akakila. Mwishowe ulikwenda kwa mafundi waliokuwa wanajenga kanisa ukaomba kipande cha ule wavu wa chuma wa kuchekechea mchanga, kilichokuwa kimechanika pembeni. Matundu yake hayakupitisha hata kidole chako. Baba yako akakunja ncha zote ndani ya mbao zisimkate.

Vumbi la mbao kutoka kwa seremala lilimfanya apige chafya siku tatu. Mkalitupa, ukaanza kuchana daftari zako za zamani na kukausha majani juani, ukamjazia mpaka akaweza kuchimba na kupotea ndani. Ukamtafutia chungu kilichovunjika mdomo, baba yako akakisugua pembe kwa jiwe. Alisema, "Huyu kanyama iko naogopa. Kitu chenye kuogopa kinataka fasi ya kujificha, hata wewe ungetaka." Akakutengenezea gurudumu la mnyama kukimbilia, kwa kifuniko cha ndoo na spoku ya baiskeli, akalifanya zima bila tundu, mguu usije ukanaswa. Kijumba chote mlikiweka chini, pembeni ya ukuta wa udongo ambapo joto la bati halifiki, na kifuniko kikawekewa tofali kwa ajili ya paka na panya wa nyumba. Hatukununua chochote isipokuwa misumari. Na miguu yake ikapona. Nilimwona anatembea juu ya yale makaratasi bila kuinua mguu mmoja mmoja kama zamani, nikatoka nje.

Kila Jumatatu ulinituma. "Mwulize Shamim kama anakula karoti." "Mwulize kama alikuwa anaoga." Na kila Ijumaa nilikuletea majibu. Nilikuwa nayatunga njiani. Nilikuambia haogi kwa maji, kwa sababu niliona wewe mwenyewe hupendi kuoga, na nashukuru Mungu nilibahatisha.

Halafu Mama Shamim akamnunulia binti yake hamsta mwingine. Aliwekwa ndani ya kijumba kile kile cha waya, baraza lile lile, jua lile lile, na sasa wa kumtunza nilikuwa mimi. Nilijua kila kitu kilichokuwa kibaya pale. Nilikuwa nimekiona kikijengwa upya nyumbani kwangu kwa mbao za nyanya. Lakini nikisema, ataniuliza nimejuaje. Nikamtazama yule mnyama wiki mbili. Wiki ya kwanza alianza kuinua miguu. Wiki ya pili mguu wa nyuma ulinaswa kwenye waya akauvunja akijivuta.

Mama Shamim alikuja na Shamim akimlilia kwenye nguo. Akasema, "Mama Heri, umekuwa kama Jovia sasa. Hamjali. Nyinyi wote ni sawa."

Sikuwa nimepanga. Nilisema, "Jovia hakufanya kitu."

"Unasema nini?"

"Paka hakumla yule wa kwanza. Yuko kwangu. Mtoto wangu alimchukua kwa sababu miguu ilikuwa inatoka damu, nami nilijua siku ile ile. Uliponipigia simu alikuwa mbele yangu."

Hakunipigia kelele kama nilivyotegemea. Aliketi kwenye kiti cha jikoni. Akasema, "Nimemwita yule mwanamke mwongo mbele ya majirani wote. Mbele ya binti yangu. Na wewe ulikuwa unakula meza moja na mimi." Kisha akasema nikusanye nguo zangu. Hakuniita askari. Hakukutaja wewe hata kidogo.

Nilikuwa nimefika getini Shamim alipokuja anakimbia, hana viatu.

"Bisikiti yuko hai?"

"Yuko hai."

"Miguu yake?"

"Imepona. Heri amemtengenezea nyumba haina waya chini. Huyu naye mwekee boksi la karatasi chini, makaratasi mengi juu yake, mtoe kwenye jua. Na mguu wake msiuguse, mpelekeni kwa daktari wa mifugo."

Alikuwa anarudia maneno yangu kwa midomo asisahau. Halafu akasema, "Basi Bisikiti abaki kwa Heri." Akarudi ndani. Kwa hiyo alikupa, mwanangu. Miezi minne baada ya mimi kukuambia amekupa. Nimejaribu mara nyingi kujifariji kwa hilo na halinifariji.

Wewe na baba yako niliwaambia kwamba Mama Shamim amehama. Baba yako alikuja kujua ukweli mwaka uliofuata. Aliniuliza, "Na Jovia umekwenda kumwona?" Nikasema bado.

Ile "bado" ndiyo ninayoionea aibu kuliko yote. Kumwambia Mama Shamim kulinitoka mdomoni tu. Kwenda Masha kulitaka miguu yangu mwenyewe, na miguu ilikataa. Nilisema nangoja mvua ipite. Nilisema nangoja mavuno. Kisha Bisikiti akazeeka, akaanza kulala mchana na usiku, na asubuhi moja ukamkuta amekuwa baridi ndani ya chungu chake. Ulimzika nyuma ya nyumba ukaja kwangu na macho yamevimba ukasema, "Tumwambie Shamim. Yeye ndiye alinipa, ni lazima ajue." Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ulikuwa na heshima kwa mtu aliyekupa kitu. Wiki ile nikaenda Masha.

Niliuliza njia mpaka nikamkuta katika shamba la kaka yake anapalilia maharage. Aliniona kwa mbali. Hakuacha kulima. Nilisimama mwisho wa mstari mpaka akanifikia.

Nilianza maneno yangu, yale niliyoyapanga. Hakuniacha nifike nusu.

"Mimi nilikuwa najua," akasema.

Sikuelewa.

"Ijumaa ile. Niliona mtoto wako nyuma ya jikoni anatoboa mkebe na msumari. Nikajifanya sioni. Nikasema, huyu mtoto ana huruma, na Mama Heri ni mtu mzuri, Jumatatu atarudisha. Jumamosi yule mama akanikalia juu, mlango, paka, mlango, paka. Ningesema, wangekuja kumchukua mtoto. Wewe unajua askari na watu wa kambi. Nikasema, wacha ninyamaze, Mama Heri atapiga simu."

Alifuta jembe kwa kidole.

"Nilingoja simu yako. Nikaweka hiyo simu hapa, karibu ya kichwa, usiku yote."

Heri, nilikaa chini kwenye udongo. Mimi nilikuwa nimenyamaza ili kukulinda, ndivyo nilivyojiambia miaka miwili. Kumbe kulikuwa na mtu mwingine aliyenyamaza ili kukulinda kweli, na gharama ya kunyamaza kwake alilipa mwenyewe. Ya kwangu nilimlipisha yeye.

Nilimwuliza binti yake yuko wapi. Akasema alikaa nyumbani mwaka mzima bila shule, ndiyo sasa amerudi. Kisha akasema, "Mama Shamim alikuja hapa. Alikuja na gari, akapiga magoti, na yeye ni mtu mkubwa. Alitaka nirudi kazini, nikakataa. Yeye alikuja wiki moja tu baada ya kujua ukweli. Wewe umekuja leo."

Nikasema nisamehe.

"Leo siwezi," akasema. "Rudi siku ingine. Na ukirudi, leta jembe."

Nilirudi na jembe. Tulipalilia mistari miwili, yeye wake, mimi wangu. Mara ya tatu aliniuliza habari zako. Mara ya nne au ya tano, sikumbuki, mbuzi wa kaka yake alikula chakula changu chote nilichokuwa nimefunga kwenye kitambaa, na Jovia akacheka mpaka akashika mti. Hajawahi kusema "nimekusamehe." Siku moja tu nilikuta ameniwekea ukoko.

Alipofungua mgahawa Kakoba, alinipigia simu nije kumsaidia kupaka chokaa. Na mwaka huu ulipopata nafasi ya chuo, kabla sijawaza utalala wapi, alisema, "Chumba cha nyuma kipo. Huyu mtoto nilimlinda akiwa mdogo, sasa nitamwacha alale wapi?"

Sasa unajua. Usiende ukamwomba radhi kwa ajili yangu, hiyo si kazi yako, na hatapenda. Na usijibebeshe lawama ya ule mkebe. Uliona mnyama anaumia ukamtoa kwenye maumivu, ulikuwa na miaka kumi. Mtu mzima katika habari hii nilikuwa mimi. Kama kuna kitu ninachotaka uende nacho, ni kwamba utaogopa. Katika mji wa watu, na kitambulisho chako hiki, utaogopa mara nyingi, na hakuna ubaya ndani yake. Ukiogopa, tazama pembeni yako kwanza, uone ni nani atakayeumia ukinyamaza. Mimi nilitazama begi langu.

Nilifikiri kuiweka barua hii chini ya nguo zako, uikute kesho ukiwa Mbarara. Nikaona ni ile tabia yangu ya zamani, kusema jambo nikiwa mbali. Kwa hiyo nitakupa mkononi mkirudi, kabla giza halijaingia. Isome hapa ndani. Mimi nitakuwa nje, kwenye benchi la baba yako, na sitaondoka. Ukimaliza, toka. Neno lolote utakalokuwa nalo, hata likiwa baya, niambie usoni, nami nitalisikiliza mpaka mwisho.

Mama yako,
Feza